Nyumba ya Bi Zuwena Iliyopoa Kila Nilipoondoka

Magoti yangu yamekataa kupanda ngazi, basi ngazi nimekuachieni nyinyi mliobaki karakana. Mdomo haujakataa kitu. Siku ile ya kuagana mlinambia, "Amu Nassor, tuandikie japo kidogo mambo ya kazi," nami nikadhani mnanitania, kumbe mna nia. Haya, someni. Binti yangu amenisahihishia herufi, lakini maneno ni yangu, na atakayeona najisifu mno ajue kwamba nimepunguza.

Nimesoma mpaka darasa la tano, Wete, na hilo la tano lenyewe sikulimaliza. Kila nilichonacho nimekipata kwa mikono hii miwili na masikio haya mawili. Kutoka Sur mpaka Nizwa hakuna fundi wa baridi na joto asiyenijua, na asiyenijua basi si fundi, anapita tu. Vyeo sitavisimulia, kwa sababu karakana ni yangu na kila nilipopanda nilijipandisha mwenyewe. Mapato nayo ni siri ya mtu na mkewe. Nitasema nilivyoanza, na nani alinifunza, na nyumba moja ya Jabal Akhdar iliyotaka kunivunjia jina.

Nilishukia Sur, huku kwa Waarabu, nikiwa kijana mwembamba, ndevu hazijatimia, na Kiarabu changu cha chuo cha Kurani tu. Mtu akiniuliza kama nimeshakula namjibu kama ninayeswalisha. Mjomba wangu akanipeleka kwa fundi wa viyoyozi, Mhindi wa Malabari, jina lake Koya. Alikuwa mfupi, kofia nyeupe, na mfuko wa shati wenye vitu viwili tu: bisibisi ya taa, ile inayowaka ikigusa umeme, na kipimajoto cha kioo alichokizungushia kitambaa cha pamba kama kidole kilichoumia.

Siku ya kwanza tukaenda kwa mteja ambaye kiyoyozi chake kinazima ovyo. Mimi tayari bisibisi mkononi. Koya akavua viatu, akakaa chini, akaomba maji ya kunywa. Tukakaa. Tukakaa mpaka nikasinzia. Mwenye nyumba akachungulia, akarudi, akachungulia tena, nadhani akitaka kujua tumemaliza au tumekufa. Mwisho kiyoyozi kikazima mbele ya macho yetu. Koya akainuka, akapeleka mkono nyuma, akabana waya mmoja uliolegea, akasema, "Sasa ni wangu."

Tulipotoka nikamuuliza, "Mbona hukufungua tangu mwanzo?"

"Ningefungua nini? Kilikuwa kizima."

"Lakini mwenyewe kasema kinazima."

"Kasema. Mimi sijaona. Mtu amekaa anacheka, wewe utampa dawa ya tumbo?"

Nikamwona mvivu. Kwa kasi nilimpita mapema sana, na hilo yeye mwenyewe alilikubali, alisema nina mikono ya haraka kuliko kichwa. Nikalichukua kama sifa, na mpaka leo nalichukua hivyo. Alipozeeka akarudi kwao, na siku ya kuondoka akanitilia kile kipimajoto mfukoni bila ya kusema neno. Ndicho hicho mlichokuwa mkinicheka nacho. Mlikuwa na vipimo vya kumulika kwa taa nyekundu, nami na kioo changu na kitambaa chake.

Baadaye nikafungua duka langu Ibra. Kule nilijifunza mchanga. Kambi za watalii za Al Mintirib zinakaa ukingoni mwa jangwa, na mchanga wa pale huingia mahali ambapo hata hewa haiingii. Mtalii analipa alale jangwani, halafu analalamika kwamba chumbani mna jangwa. Ushauri wangu: usisafishe kiyoyozi cha kambi upepo ukiwa unavuma, utakuwa unamwaga maji baharini. Na zile hita za maji za Sur, kabla hamjalaumu umeme, fungueni mtazame chumvi. Nimepata kutoa mle ndani chumvi ya kutosha kupikia biriani ya harusi.

Kisha nikahamia Nizwa, na Nizwa ndiko nilikokutana na mlima, Jabal Akhdar yenyewe. Huku chini watu wanalia joto, na kule juu, mwendo wa mizunguko tu ya barabara, kuna watu majira ya baridi wanalala na soksi. Kazi zangu za mlimani zilikuwa chache, lakini nzuri, kwa sababu ya vyombo. Kule juu bado nilikuta vyombo vya zamani vilivyotengenezwa na watu waliotaka vidumu.

Kwa nyinyi wa rimoti na simu, nieleze kidogo. Themostati ya zamani ni duara ukutani, kama saa isiyo na mishale. Ndani mna utepe wa madini mawili yaliyobanwa pamoja, umejiviringa kama mkia wa kinyonga. Ukipata joto unajikunja, ukipata baridi unajikunjua. Kwenye ncha yake pana kichupa cha kioo chenye tone la zebaki. Utepe ukikiinamisha upande huu, zebaki inaunganisha nyaya na tangi la kuchemshia maji linawaka. Ukikiinamisha upande ule, linazima. Basi, hakuna zaidi. Unasikia tik, na nyumba nzima inafuata amri.

Themostati ya namna hiyo ilikuwa kwa Bi Zuwena. Bi Zuwena ni mzaliwa wa Unguja mjini, akaolewa na mtu wa mlimani, na baridi ya mwaka wa kwanza nusura imrudishe kwao. Mumewe, Mungu amrehemu, akaagiza tangi la uani la kuchemshia maji kwa dizeli, mabomba, na vyuma vya ukutani vya kutoa joto, jambo ambalo majirani walikuja kulitazama kama wanaotazama ndege iliyotua. Mume alishakufa. Themostati ilibaki, na Bi Zuwena hakuruhusu mtu kuitupa.

Mwaka nilioitwa, mwanawe Salim alipata mtoto wa kwanza, baada ya kungoja mpaka watu wakaacha kuuliza. Desturi, mke hujifungulia kwa mamake. Lakini Bi Zuwena miguu haikuwa ikimshusha mlima tena, na mkewe Salim, Maryam, akasema mwenyewe kwamba arobaini yake ataikaa kwa mkwewe, ili bibi apate kumlea mjukuu siku zake za mwanzo. Mamake Maryam, Bi Rahma, mtu wa Sur, akakubali shingo upande. Akapanda mlima pamoja na masharti yake.

Salim akanipigia simu, "Amu, joto linakatika na mtoto mchanga ndani. Njoo." Nikapanda siku ile ile.

"Shikamoo, Bi mkubwa," nikasema mlangoni.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ndiye Nassor. Nikishindwa mimi, hakuna wa kumwita."

Pembeni mwa sebule alikaa mama mmoja aliyejifunika blanketi juu ya shali, na shali juu ya koti. Huyo ndiye Bi Rahma. Akasema, "Yuko. Ukishindwa wewe, mimi namwita dereva."

"Mama," Salim akasema polepole.

"Nimesema vibaya? Ijumaa baada ya swala gari inakuja kutoka Sur. Ikikuta nyumba ina joto, itarudi tupu. Ikikuta baridi, itarudi na mwanangu na mjukuu wangu."

Bi Zuwena alikuwa anakunja nguo za mtoto, na zilipokwisha akazikunjua akaanza tena. Hapo nikaelewa kwamba sikuitwa kutengeneza chombo tu.

Nikaanza kazi. Themostati ilikuwa ukutani sebuleni, na chini yake kibao kipya cha mbao chenye kitambaa kilichodariziwa, nikakisifu. Nikafungua kifuniko. Nikagusanisha nyaya mbili, tangi la uani likanguruma, maana yake tangi zima. Nikapima kama duara limekaa sawa, kwa sababu lile likilala upande zebaki inadanganya. Lilikaa sawa. Nikapuliza vumbi, nikasafisha ncha za nyaya, nikafunga. Tik. Vyuma vikapata moto, Bi Rahma akavua blanketi, akabaki na shali na koti.

Ikaja kahawa, tende na halua. Tukazungumza Unguja ya wazee. Kisha Bi Zuwena akaja na chetezo chake cha shaba, makaa mekundu na udi juu yake, akanifukiza kanzu na kofia. Hata nyinyi mliozaliwa juzi mnajua: udi ukishapita, mgeni anainuka. Hakuna anayekwambia nenda, udi ndio umesema. Nikaaga, nikaondoka nanukia kama bwana harusi.

Sijafika Nizwa, simu. "Amu, imezima."

"Imezima lini?"

"Ulipoondoka tu."

Kesho yake nikapanda tena. Nikakuta nyumba ina joto zuri kabisa, na Salim ananitazama kama mtu aliyesema uongo polisi. Safari hii nikabadilisha swichi ya pampu, nikabadilisha nyaya, na ile themostati nikaitoa, nikafunga nyingine ya aina ile ile niliyokuwa nayo akiba.

"Ile ya marehemu usinitupie," Bi Zuwena akasema.

"Siitupi, naipumzisha."

Kahawa, halua, maneno, udi, kwaheri. Nilikuwa sijafika kizuizi cha polisi pale chini mlimani, simu ikalia, na aliyezungumza hakuwa Salim.

"Fundi," akasema Bi Rahma, "nyumba hii inakuogopa. Ukiwepo inajitia uzima, ukitoka inajilaza."

Nataka liandikwe wazi kwamba kila nilichobadilisha kilistahili kubadilishwa. Lakini njiani sikuwasha redio. Themostati mbili hazikuzaliwa siku moja, zinauguaje ugonjwa mmoja? Na kwa nini ugonjwa wenyewe unangoja nitoke?

Siku ya tatu ilikuwa Alkhamisi. Nilipoingia nikaona begi la nguo za mtoto limeshafungwa, liko karibu na mlango. Bi Zuwena alikuwa na mtoto mapajani, amemfunika kwa mtandio wake mwenyewe, na hakuniuliza kama nitaweza. Hilo lilinichoma kuliko maneno yote ya Bi Rahma. Nikairudisha themostati ya marehemu mahali pake. Nikapima kila kinachopimika. Kila kitu kizima.

"Inawaka?" Bi Rahma akauliza.

"Inawaka."

"Itawaka mpaka ufike kwenye gari yako. Basi usiondoke, tukutandikie mkeka, uolewe hapa hapa."

Salim akacheka. Maryam chumbani akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona Koya mbele yangu, viatu pembeni, ameomba maji. Nyumba hii nimeshakuja na kurudi na simu zao nimepokea, lakini kuzima kwenyewe sijakuona kwa macho yangu.

Nikafunga mkoba wa vifaa. Nikakaa chini, nikaegemea mto. "Naomba maji ya kunywa," nikasema.

Maji yakaja. Kahawa ikaja. Tukazungumza mpaka mazungumzo yakaisha, tukayarudia. Baada ya Alasiri Bi Zuwena akaona heshima imetosha, akatia makaa, akaja na chetezo. Nikafukizwa. Akakirudisha chetezo mahali pake, akasimama kunipa mkono wa kwaheri.

Nikabaki nimekaa.

Aibu ile jamani isikieni tu. Mimi mtu wa watu, ninayejua barza zote za Ibra, nimekaa kwenye nyumba ya watu udi umeshapita. Salim akatazama viatu vyangu. "Amu, jioni njia ya mlimani ina ukungu," akasema.

"Naijua."

Bi Zuwena akadhani pua zangu zimeziba. Akatia kipande kingine cha udi, kinene, akanipitishia tena, mbele, nyuma, mpaka chini ya kanzu, akakirudisha chetezo. Nikamshukuru. Nikakaa.

"Huyu fundi kafunzwa adabu wapi?" Bi Rahma akamuuliza Salim.

"Wete," nikajibu.

Bi Zuwena alikuwa anajiandaa mara ya tatu, masikini, mkono umeshika chetezo, hajui afanye nini na mgeni wa namna hii, mara nikasikia: tik. Uani tangi likanyamaza.

Nikainuka kama niliyechomwa sindano. Chetezo kilikuwa pale pale kilipokuwa kikirudishwa kila mara, juu ya kile kibao kipya chenye kitambaa, moshi na moto wake wote vinapanda moja kwa moja kwenye themostati. Nikashika duara kwa mkono, la moto. Nikatoa kipimajoto cha Koya nikakisimamisha ubavuni mwake. Kikaonyesha joto la Sur, saa ya adhuhuri, mwezi wa sita. Nikampa Salim akakiweke mlangoni mwa chumba cha mkewe, akarudi nacho: Sur hiyo hiyo, lakini alfajiri, mwezi wa kwanza.

"Bi Zuwena," nikasema, "chetezo hiki siku zote hukaa hapa?"

"Hapana, baba. Kilikuwa kikikaa chini, pembeni kule. Tangu mtoto kuzaliwa wageni wanakuja na watoto wao, wanakimbia humu ndani, Salim kanipigia hicho kibao wasije wakaungua. Nikishawafukiza wageni nakiweka hapo, kinaendelea kufuka kwa ajili ya mtoto."

Nikawaeleza. Themostati haina akili, inajua joto la pale ilipo, haijui la nyumba. Makaa yakiwaka chini yake inaona kiangazi, inaamuru tangi lipumzike, nyumba inapoa, na mpaka makaa yafe na ukuta upoe watu wameshajifunika mablanketi. Kila mgeni akija kumpongeza mtoto, udi. Na kila udi, baridi. Watu walivyozidi kufurahi naye, ndivyo alivyozidi kupigwa baridi. Nami mgeni kama wengine, nilikuwa nafukizwa na kuondoka, na ugonjwa unaanza nyuma ya mgongo wangu. Adabu ndiyo iliyonificha.

Salim akashika kichwa. Lakini Bi Zuwena alikaa chini, akamtazama mtoto. "Kumbe ni mimi," akasema. "Mjukuu wangu nampiga baridi kwa mkono wangu."

Begi lilikuwa pale mlangoni, na mwenye begi alikuwa na kila neno la kusema. Bi Rahma akavua shali, akasogea, akakaa karibu yake.

"Weye usiseme hivyo," akamwambia. "Ulikuwa ukimfukizia mtoto na kuwaheshimu wageni. Na wageni wenyewe nusu yao wangu mie, nimewaita kutoka Sur. Ningekuwa mie ningekiweka papo hapo, tena ningetia makaa zaidi."

"Wewe na baridi yako, ungetia gunia," Bi Zuwena akasema.

Wakaanza kucheka wale mama wawili, wakashikana, wakacheka mpaka mtoto akaamka akalia, na kilio chake kikawazidishia.

Nikakibandua kibao, nikakipigilia ukuta wa pili, karibu na mlango wa nje. Bi Zuwena akatia udi mpya, tukakaa sote tunatazama duara ukutani kama watu wanaongoja mwezi wa Idi. Halikulia. Vyuma vikawa vya moto mpaka kule mwisho wa ukumbi. Mwisho Maryam akapaza sauti kutoka chumbani, "Mama, nifungulieni dirisha, nimeiva."

"Dirisha lisiguswe," Bi Rahma akajibu, naye keshavua koti.

Ijumaa gari ilikuja kama ilivyoahidiwa. Ilirudi Sur na blanketi la Bi Rahma na chupa za marashi ya waridi ya mlimani. Begi lilifunguliwa. Bi Rahma mwenyewe alibaki mpaka arobaini ikaisha, na ilipoisha akatafuta sababu nyingine.

Basi nyinyi mnaobaki, mkiitwa kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka, kaeni chini kwanza. Tazameni wenye nyumba wanafanya nini wakidhani kazi yenu imekwisha. Na mkiwa na vipimajoto viwili, kimoja wekeni penye chombo, cha pili penye mtu. Mimi nilikuwa na kimoja tu, nikakitembeza, na bado nilifaulu, lakini si kila mtu ni Nassor.

Mwezi uliopita, nilipokwisha kukukabidhini funguo, nilipanda mlimani kuaga. Mlango alinifungulia yule mtoto, Khadija, siku hizi anakwenda skuli na meno ya mbele hana. Akageuka akaita, "Bibi, yule mtu wa udi kaja." Bi Zuwena macho yamepungua nguvu, lakini sauti yangu aliijua. Themostati ya marehemu iko mahali pake, kibao kiko mlangoni. Tukanywa kahawa, tukala halua, tukamsema Bi Rahma kwa mapenzi mpaka tukatosheka.

Kisha chetezo kikaja, kimeshikwa na Khadija kwa mikono miwili, ulimi nje kwa uangalifu. Akanifukiza kofia, akanifukiza kanzu. Nami mtu wa adabu zangu, nikakusanya magoti haya mabovu, nikaanza kuinuka.

"Keti," Bi Zuwena akanambia. "Wewe udi haukuhusu."